Kuhesabu marejeo ndani ya kerneli: niliyojifunza kwenye seva yenye viini vingi

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kuandika na kutunza moduli, yaani kipande cha kuongezea, ya kerneli ya Linux (programu ya ndani kabisa inayoiendesha mashine) inayopokea pakiti za mtandao, kuzilinganisha na kanuni zilizowekwa na msimamizi, kisha kuzipeleka zinakostahili. Nimekutana humo na matatizo mengi ya kufuli (vizuizi vinavyomruhusu mmoja tu kwa wakati), ya kumbukumbu na ya viendeshi, lakini hakuna lililonifundisha mengi kuhusu kompyuta za siku hizi kama hesabu ya marejeo, yaani ile namba ndogo inayokaa ndani ya kila kitu kinachotumiwa kwa pamoja, ikionyesha ni wangapi bado wanakihitaji. Nawaandikia wenzangu wanaofanya kazi katika ngazi hii kwa sababu nimeshuhudia namba hiyo ikiizuia seva ya bei kubwa kufanya kazi iliyonunuliwa kuifanya, huku msimbo wenyewe ukiwa sahihi kabisa.

Wazo lenyewe ni la zamani na ni rahisi. George Collins alilieleza mwaka 1960 kwa ajili ya orodha zinazochangia vipande vya kumbukumbu: kila anayeshika kitu anaongeza moja, kila anayekiachia anapunguza moja, na yule anayeifikisha hesabu kwenye sifuri ndiye anayepaswa kukifuta. Ndani ya kerneli hesabu hii iko kila mahali, kwenye faili lililofunguliwa, kwenye soketi, kwenye ukurasa wa kumbukumbu, kwenye rekodi ya njia ya mtandao. Ikikosewa upande mmoja, kitu kinafutwa wakati mwingine bado anakisoma, na hapo mfumo mzima unaweza kuanguka au kutekwa. Ikikosewa upande wa pili, kitu hakifutwi kamwe na kumbukumbu inavuja hadi seva inaishiwa. Kwa hiyo tangu zamani sisi waandishi wa kerneli tumezoea kuuliza swali moja tu kuhusu hesabu ya marejeo, nalo ni kama ni sahihi. Swali la pili, la gharama yake pale viini, yaani sehemu za kichakataji zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, vinapoongezeka, mimi nilifundishwa na mashine.

Ilikuwa wakati moduli yetu ilipohamishiwa kwenye seva mpya zenye vichakataji viwili na viini vingi kila kimoja. Tulitarajia kwamba kadiri tunavyogawa pakiti kwa viini vingi zaidi, ndivyo seva itakavyopitisha pakiti nyingi zaidi. Mwanzoni ilikuwa hivyo. Kisha kasi ikasimama, na tulipoongeza viini vingine ikaanza kushuka. Tulitafuta kufuli inayogombaniwa na hatukuiona, kwa kuwa njia hiyo ya msimbo haikuwa na kufuli hata moja. Chombo cha perf, kinachopima muda wa kichakataji unakoishia, kilituonyesha kwamba sehemu kubwa ya muda ilikuwa ikiishia kwenye amri moja ya kichakataji, ile ya kuongeza moja kwa njia ya atomiki, yaani kwa hatua moja isiyoweza kuingiliwa katikati. Kijana mmoja katika timu yetu aliniuliza, "Kaka, amri moja tu ya kujumlisha itamezaje muda wote huu?" Lilikuwa swali zuri, na kulijibu kulihitaji kushuka chini ya lugha ya C hadi kwenye kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na kila kiini.

Kichakataji hakisomi kumbukumbu baiti moja moja. Husoma mistari ya kashe, ambayo kwenye vichakataji vya x86 ina baiti 64, na kila kiini huwa na nakala zake. Viini vingi vinaweza kuusoma mstari mmoja kwa wakati mmoja bila kusumbuana, kila kimoja kikiwa na nakala yake. Lakini kiini kinachotaka kuandika sharti kwanza kiumiliki mstari huo peke yake, na nakala zote za wengine zibatilishwe. Sasa fikiria makumi ya viini, kila kimoja kikitaka kuongeza moja kila inapoingia pakiti na kupunguza moja kila pakiti inapotoka. Mstari unahama kutoka kiini hadi kiini bila kupumzika, na unapovuka kutoka kichakataji kimoja kwenda cha pili safari inakuwa ndefu zaidi. Amri ya atomiki inatupa uhakika kwamba hakuna nyongeza itakayopotea, na bei ya uhakika huo ni kwamba viini vyote vinapanga foleni, hata kama hakuna aliyeandika neno kufuli mahali popote.

Kilichoniuma zaidi ni kutambua kitu chenyewe kilikuwa nini. Kilikuwa muundo wa kanuni za msimamizi, ambao hubadilika mara chache sana, pengine mara moja kwa siku. Kila pakiti iliusoma na hakuna pakiti iliyoubadilisha. Kitu pekee kilichokuwa kikiandikwa ndani yake ni idadi ya wanaousoma. Tulikuwa na data ambayo viini vyote vingeweza kuigawana kwa amani, na tukaiharibia amani hiyo kwa kuandika ndani yake alama ya kwamba tumeisoma.

Hatua ya kwanza tuliyochukua ilikuwa ndogo. Kwa kutumia perf c2c, inayoonyesha ni mistari ipi ya kashe inayogombaniwa na ni sehemu gani za mstari zinazoguswa, na pahole, inayoonyesha mpangilio wa muundo katika kumbukumbu, tuliona kwamba kihesabio kilikaa kwenye mstari uleule wenye vielekezi (anwani za data nyingine) vinavyosomwa na kila pakiti. Kila kiini kilipoandika hesabu kiliwanyang'anya wengine hata vielekezi ambavyo havikubadilika. Tukakihamishia kihesabio kwenye mstari wake. Hali ilipata nafuu, na ningemshauri mtu yeyote aanzie hapo kwa sababu ni mabadiliko ya mstari mmoja au miwili ya msimbo. Hata hivyo ugomvi wa kihesabio chenyewe ulibaki palepale, maana kila pakiti bado ilikuwa ikikigusa mara mbili.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii. Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, akiwemo Silas Boyd-Wickizer, walichapisha uchambuzi wa jinsi Linux inavyofanya kazi kwenye mashine ya viini 48. Waliendesha programu saba na kuandama kila kizuizi walichokikuta, na vizuizi kadhaa kati ya hivyo vilikuwa vihesabio vya marejeo: vya majina ya saraka, vya mifumo ya faili iliyopachikwa, vya njia za mtandao. Suluhisho lao lilikuwa kukipa kila kiini akiba ya marejeo. Kiini kinachohitaji rejeo huchukua kutoka kwenye akiba yake, kinapoliachia hulirudisha humohumo, na huenda kwenye kihesabio kikuu pale tu akiba inapokwisha au inapozidi kiasi. Nilipoyasoma hayo niliona aina ileile ya ugonjwa tulioukuta sisi, umeelezwa na watu walioupima vizuri kabla yetu.

Kugawa hesabu kwa kila kiini kunaondoa ugomvi, lakini kunaleta swali gumu: nani atajua kwamba jumla imefika sifuri? Chukua uwanja wa mpira wenye milango mingi, ambapo kila mlinzi ana daftari lake, anaongeza mtu akiingia na kupunguza mtu akitoka. Mtu anaweza kuingia mlango wa kaskazini na kutokea wa kusini, kwa hiyo daftari la kusini linaweza kusoma chini ya sifuri bila mlinzi wake kukosea. Hakuna daftari lolote peke yake linaloweza kukuambia kama uwanja umebaki mtupu, na ukizunguka kuyajumlisha wakati watu bado wanaingia, jumla utakayopata haitakuwa kweli ya wakati wowote.

Suluhisho la Linux liliingizwa mwaka 2013 na Kent Overstreet, nalo huitwa percpu_ref. Ninalipenda kwa sababu linakiri wazi jambo ambalo hesabu ya kawaida hulificha: kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha ya kitu hakuna anayehitaji kujua hesabu yake. Maadamu mwenye kitu bado amekishika, sifuri haiwezekani, kwa hiyo hakuna haja ya kuitafuta. Kila kiini hubadilisha namba yake mwenyewe kwa amri ya kawaida, na mstari wa kashe hauhami. Mwenye kitu anapoamua kukistaafisha huita percpu_ref_kill. Kuanzia hapo alama inawekwa kwamba hesabu za viini zisitumike tena, kerneli inasubiri hadi viini vyote vipite mahali ambapo haviwezi kuwa bado vinaitumia njia ya zamani, kisha namba zote zinajumlishwa kwenye kihesabio kimoja cha atomiki. Namba za viini vilivyokwenda chini ya sifuri hazileti shida, maana zikijumlishwa na za wengine jumla inatoka sahihi. Muda wote wa mpito kihesabio hicho hubeba kiasi kikubwa cha ziada kilichowekwa tangu mwanzo ili kisije kikagusa sifuri kabla ya wakati, na kiasi hicho huondolewa jumla inapokamilika. Baada ya hapo kitu kinahesabiwa kwa njia ya kawaida hadi mtumiaji wa mwisho atakapoondoka.

Muundo wetu wa kanuni ulifaa sana kwa njia hii, kwa kuwa ulikuwa na mwenyewe anayejulikana na wakati maalumu wa kustaafu, yaani pale msimamizi anapoweka kanuni mpya. Tulipoubadilisha, amri ile ya atomiki ilitoweka kabisa kwenye vipimo vya perf na viini vilivyoongezwa vikaanza kuleta faida.

Kazi kubwa, hata hivyo, ilikuwa mwisho wa maisha ya kitu, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu maelezo mengi hupita haraka. Kustaafu sasa kulichukua muda mrefu kuliko zamani. Zamani aliyefikisha sifuri alifuta papo hapo. Sasa kulikuwa na kusubiri, kujumlisha, na kusubiri tena watumiaji wa mwisho. Msimamizi aliyebadilisha kanuni mfululizo kwa hati ya amri aliweza kuwa na nakala kadhaa za zamani zikiwa bado kwenye kumbukumbu, kila moja ikingoja zamu yake. Tulilazimika kuamua kwamba amri ya msimamizi itarudi mara tu kanuni mpya zinapoanza kutumika, na ufutaji utaendelea nyuma ya pazia, lakini pia tukaweka kikomo cha nakala zinazosubiri ili mtu asiweze kumaliza kumbukumbu ya seva kwa kubadilisha kanuni upesi upesi. Tuliandika jaribio linalobadilisha kanuni bila kukoma huku pakiti zikimiminika, na jaribio hilo limetufaa kuliko majaribio yote ya kasi.

Kuna jambo jingine la percpu_ref ambalo nililielewa kwa kulitumia. Sehemu ya msimbo ikiachia rejeo mara mbili, hesabu ya kawaida hukuonyesha kosa mapema, karibu na mahali lilipotendeka. Hesabu iliyogawanywa haina namna ya kuliona, kwa sababu namba hasi kwenye kiini kimoja ni jambo halali. Onyo linakuja wakati wa kujumlisha, pengine saa nyingi baadaye, mbali kabisa na mkosaji. Kwa hiyo kwenye mashine za majaribio tunaanzisha vihesabio hivi vikiwa katika hali ya atomiki tangu mwanzo, jambo ambalo kerneli inaliruhusu kwa alama ya PERCPU_REF_INIT_ATOMIC. Mashine hizo ni za polepole, na tumekubali hivyo, maana kazi yake ni kutafuta makosa.

Baada ya mafanikio hayo wengine katika timu walitaka kila kihesabio kigeuzwe. Nilipinga, na sababu ni hesabu rahisi ya kumbukumbu. Namba moja ya baiti 8 kwa kila kiini, kwenye mashine ya viini 64, ni baiti 512 kwa kila kitu. Kwa muundo mmoja wa kanuni hiyo si kitu. Lakini moduli yetu pia hutunza rekodi ya kila mazungumzo ya mtandao yanayoendelea, na rekodi hizo zinaweza kufika milioni. Hapo tungetumia zaidi ya nusu gigabaiti kwa kuhesabu tu. Tena rekodi za mazungumzo huzaliwa na kufa kila wakati, na hazina mwenyewe mmoja anayeweza kutangaza kwamba sasa wakati umefika.

Kwa vitu vidogo vya namna hiyo watafiti wa MIT Austin Clements, Frans Kaashoek na Nickolai Zeldovich walipendekeza Refcache mwaka 2013, pamoja na mfumo wao wa kumbukumbu uitwao RadixVM. Kila kiini kina jedwali dogo la mabadiliko ambayo hakijayapeleka, ambalo ukubwa wake hautegemei idadi ya vitu. Muda umegawanywa katika vipindi, na kila kipindi kila kiini humimina mabadiliko yake kwenye hesabu kuu. Hesabu kuu ikifika sifuri kitu hakifutwi. Kinawekwa kwenye foleni ya kuchunguzwa, na kinafutwa pale tu ikithibitika kwamba sifuri ile ilibaki bila kuguswa hadi viini vyote vimemimina tena. Nimelisoma pendekezo hilo mara nyingi kwa sababu linaonyesha wazi kinachobadilishwa na kinachopatikana: unakubali kuchelewa kufuta, na kwa kuchelewa huko unapewa uhuru wa viini kutosumbuana. Hatukulitumia, kwa kuwa kerneli ya Linux hailiweki mikononi mwa waandishi wa moduli na sikutaka sisi wachache tulibebe peke yetu.

Kwa rekodi za mazungumzo tulifuata njia ambayo Linux yenyewe ilikuwa imeifuata kwenye utafutaji wa majina ya faili. Katika toleo la 2.6.38 la mwaka 2011, kazi ya Nick Piggin iliwezesha kupita kwenye njia ndefu ya saraka bila kuongeza hesabu ya kila saraka inayopitiwa, kwa ulinzi wa RCU, utaratibu ulioingia ndani ya Linux mwaka 2002 na ambao Paul McKenney ameutunza kwa miaka mingi. Msomaji chini ya RCU haandiki chochote kwenye kitu anachosoma; anayefuta ndiye mwenye wajibu wa kusubiri hadi wasomaji wote waliokuwapo wamalize. Tuliangalia msimbo wetu na kuona kwamba pakiti nyingi huhitaji rekodi kwa muda mfupi sana, tangu kuingia hadi kutoka, kwenye kiini kilekile, bila kulala katikati. Pakiti hizo hazikuhitaji rejeo lolote. Ni chache tu, zile zinazowekwa kwenye foleni ili zishughulikiwe baadaye, zinazohitaji kuihakikishia rekodi uhai nje ya ulinzi wa RCU.

Hizo chache huongeza hesabu kwa sharti kwamba haijawa sifuri, na sharti hilo ni la lazima. Mtafutaji anaweza kuipata rekodi kwenye jedwali wakati uleule mtu mwingine ameiachia kwa mara ya mwisho. RCU inahakikisha kwamba kumbukumbu yake bado ipo, lakini rekodi yenyewe imeshakufa na haifai kufufuliwa. Akikuta sifuri, anafanya kana kwamba hakuipata. Kwa kawaida sharti hili hutekelezwa kwa kusoma namba, kuiongeza pembeni, na kujaribu kuiandika kama haijabadilika, na ugomvi ukiwa mkali jaribio hushindwa na kurudiwa. Mwaka 2023 Thomas Gleixner aliingiza rcuref kwa ajili ya rekodi za njia za mtandao, ambamo kuongeza hufanywa moja kwa moja bila kurudia, na eneo ambalo namba imeangukia ndilo linaloonyesha kama kitu ki hai au kimekufa. Uzuri wake ni kwamba unapunguza gharama bila kuhitaji nafasi zaidi, ingawa mstari wa kashe bado unahama.

Jambo moja sikulikubali kabisa, nalo ni kurudi kwenye namba tupu ya atomiki kwa ajili ya kasi. Mwaka 2016 ilitangazwa hitilafu iliyopewa namba CVE-2016-0728 kwenye utunzaji wa funguo wa kerneli. Njia moja ya msimbo ilisahau kuachia rejeo, na mtumiaji wa kawaida aliyerudia ombi lilelile mara za kutosha aliweza kuizungusha hesabu ya biti 32 hadi ikarudi sifuri, kitu kikafutwa kikiwa bado kinatumika, na njia ya kuiteka mashine ikafunguka. Mwaka uliofuata Linux 4.11 ilileta refcount_t, ambayo ikikaribia kufurika huganda mahali pamoja na kutoa onyo. Kitu kilichoganda hakitafutwa kamwe, na kumbukumbu kiasi inapotea, lakini mshambuliaji hapati alichokitaka. Gharama yake juu ya namba tupu ni ndogo ukilinganisha na safari za mstari wa kashe, kwa hiyo anayetafuta kasi kwa kuondoa ulinzi huo anatafuta mahali pasipo na kasi. Rekodi zetu za mazungumzo zinatumia refcount_t hadi leo.

Tulipoanza kujenga moduli kwa mashine za ARM, aina ya vichakataji tofauti na x86, tuliangalia pia upangaji wa amri za kumbukumbu, yaani mfuatano ambao yaliyoandikwa na kiini kimoja huonekana kwa vingine. Kuongeza rejeo hakuhitaji mpangilio wowote maalumu, kwa kuwa anayeongeza tayari ana haki ya kukitumia kitu. Kupunguza kunahitaji: yote aliyoyaandika mtu kabla ya kuachia yaonekane kwa yule atakayefuta. Kazi za refcount_t zinalitimiza hilo zenyewe, na hiyo ilikuwa sababu nyingine ya kutoziacha.

Kwenye moduli yetu vimebaki vihesabio kadhaa vya kawaida ambavyo hatujavigusa wala hatuna mpango wa kuvigusa, kama vile cha orodha ya violesura vya mtandao na cha faili la takwimu. Vinaongezwa msimamizi anapofungua chombo chake na kupunguzwa anapokifunga, na mstari wake wa kashe unaweza kukaa kwenye kiini kimoja kutwa nzima bila kiini kingine kuuhitaji.